Isale Haikuonekana Kwenye Simu

Benchi letu liko Majengo, ubavuni mwa duka la cherehani. Mwisho wake linakaa birika langu la kahawa, na nyuma ya birika kuna isale, mmea wa majani marefu tunaouheshimu kwetu mlimani, niliyoipanda mwaka nilioshuka kutoka Machame. Wateja wangu wa kila siku ni watatu. Yuko Redio, aliyebatizwa Basili, ambaye habari zote hupita kwake kwanza. Yuko Rula, fundi mwashi, asiyeamini ukuta aliojenga mwenzake. Na yuko Kilele, yaani Elisaria, aliyepandisha wageni mlimani mpaka magoti yakakataa. Asubuhi hiyo Kilele alikuja na simu aliyotumiwa na mwanawe Godwin kutoka Dar, akaielekeza kwenye benchi. Nikachungulia kiooni. Kando ya birika langu ilisimama nyumba ndogo yenye bati jekundu. Nikainua macho kutazama benchi lenyewe: birika peke yake.

— Ndiyo nyumba Godwin anayonijengea Machame, Kilele akasema. Hapa nimeipunguza. Kule kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, inasimama kwa ukubwa wake. Jumapili nimetembea sebuleni, bibi. Nimeona mpaka marumaru.

— Umetembea kwenye migomba, Rula akamjibu.

— Kitaalamu wanaita uhalisia ulioongezwa, Redio akasema.

— Uhalisia huo unabeba tofali ngapi?

— Wewe Rula unaogopa kukosa kazi. Subiri uone. Wageni hawatakuja tena kupanda mlima. Mtu atakaa kwao, ataelekeza simu kwenye zulia, Kibo hiyo imesimama.

— Na baridi? Kilele akauliza. Na kutapika kule juu?

— Vitaongezwa. Tena mwisho wake hata marehemu watarudi. Unaelekeza simu kwenye kiti, baba yako huyo amekaa, anakunywa mbege.

— Wangu abaki huko huko, Rula akasema. Ile nyumba niliyomjengea aliisema mpaka siku anakata roho.

Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo, maana nilikuwa kama namsikia mama yangu. Alikuwa akituambia kila tukitumwa kukata majani ya ng'ombe: "Tazameni chini mnapokanyaga, humu kihambani watu wamelala."

— Mlipopigia kamba ni wapi, mwanangu? nikamuuliza Kilele.

— Chini kidogo ya zizi, bibi. Niliizungusha nyumba kwa kidole mpaka mlango ukatazama mlima. Vibarua wakapigilia vigingi pale pale nilipowaonyesha. Nimewaambia wasafishe vyote vilivyo ndani ya kamba. Wameanza jana.

Hakumaliza kahawa yake. Tulimwona Hilda, dada yake mkubwa, akivuka barabara na kitu alichokifunga kwenye kanga. Hilda huwa hashuki mjini siku isiyo ya soko.

— Shikamoo mama, akaniamkia.

— Marahaba mwanangu. Karibu kahawa.

Hakukaa. Alifungua kanga juu ya benchi. Ilikuwa isale nzima, na mizizi yake, udongo umeshakauka.

— Nimeikuta kwenye rundo la majani ya ng'ombe, akasema. Elisaria, hii unaijua?

Kilele aliishika. Mimi niliijua habari yake. Mama yao Aikaeli alikufa wakiwa wadogo sana, na kaburi lake halikuwekwa saruji wala msalaba. Baba yao alipanda isale juu yake, akasema hiyo inatosha. Naye baba sasa hayupo.

— Kwenye simu haikuonekana, dada, Kilele akasema taratibu. Marumaru zilipita juu yake. Nilikuwa natazama sebule.

— Na macho yako?

— Yalikuwa kwenye simu.

Redio akaichukua simu, akaigeuzageuza.

— Labda kuna mahali pa kurudisha nyuma, akasema. Ionyeshe palivyokuwa.

Akabonyeza. Nyumba ikasogea kulia, ikasogea kushoto, ikakua, ikapungua. Bati lilikuwa jekundu vile vile.

— Iache, Rula akamwambia. Hilda, vibarua hawakumbuki walipoing'oa?

— Wanasema ilikuwa huku. Mwingine anasema kule. Wameshakata migomba yote, wamelima, wamesawazisha. Nimetembea pale tangu alfajiri nikiogopa kuweka mguu.

Kilele alisimama, akaja nyuma ya birika, akaniangalia kama anaomba ruhusa. Nikamwitikia kwa kichwa. Alikata jani moja la isale yangu, akalifunga fundo kama wazee wetu walivyofanya wakienda kuomba msamaha, akapiga yale magoti mabovu mbele ya dada yake, pale kwenye vumbi la barabara.

— Nimekosa, akasema. Kwako na kwa mama. Nyumba haijengwi.

Kwetu isale haikataliwi, hata kama moyo bado unawaka. Hilda alilitazama lile jani. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

— Nimekusamehe, akasema. Inuka.

Rula akamsaidia kuinuka. Hilda akaifunga tena kwenye kanga ile isale iliyong'olewa, akanyunyizia mizizi maji ya kuoshea vikombe vyangu, akaikumbatia kifuani.

— Hii ikipandwa leo itashika, akasema. Sasa niambieni. Tuipande wapi?

Tulikuwa wanne aliotuuliza, na hakuna aliyejua kaburi lilipo; kahawa ilikuwa bado birikani.