Onésime Kambere na Clavier za Kimya

Wazazi, ndugu, wachungaji, majirani wa hapa Butembo, wa Kimemi na wa Vulamba, na ninyi muliotoka Beni leo asubuhi: mbele ya yote tunamushukuru Mungu kwa kuwa mumefika. Tulipiga simu njia yote. Réseau ya simu ilipokatika katikati ya safari yenu, mama yetu alikataa kuketi. Sasa mumeingia, naye ameketi. Mimi ni Jemima, dada mukubwa wa marehemu. Jamaa imenituma nisome maisha yake. Sauti ikinikatikia, munivumilie.

Onésime Kambere alizaliwa Kyondo siku ya Alhamisi, tarehe 12 Mei 1988. Baba yake alikuwa Abdias Kitsa, mulimaji wa viazi na muzee wa kanisa, na mama yake ni Mama Syauswa, huyu muliyemukuta hapa. Alikuwa mutoto wa woga. Mvua kubwa ilipopiga manjanja, yale mabati ya nyumba yetu, alijificha chini ya kitanda na kuita kutoka kule: «Papa, manjanja itaanguka?»

«Hapana,» baba akamujibu. «Niliipiga misumari miye mwenyewe.»

«Na kama misumari inatoka?»

Kesho yake baba alileta ngazi, akamubeba mutoto begani, wakapanda wote wawili. Onésime aligusa kila musumari kwa kidole chake. Aliposhuka alikula chakula chake chote. Tangu pale tulijua kwamba ukimwambia tu «hakuna shida,» hautamusaidia. Ilifaa aone mwenyewe, aguse.

Alisoma shule ya musingi Kyondo, kuanzia mwaka wa 1994 hadi 2000. Kisha alikuja Butembo kukaa kwa mujomba wetu katika Vulamba, akasoma sekondari, option commerciale et administrative. Pale njo alikutana na mashine za kuandika, zile za zamani za chuma. Darasa nzima ya dactylographie ikipiga pamoja, yeye alikuwa anafumba macho juu ya makelele. Alipata diplôme d'État mwaka wa 2006. Baba yetu alipokufa, Februari 2009, Onésime alitaka kuacha masomo ya informatique. Mama alimwambia maneno mafupi: «Papa yako hakukupandisha juu ya nyumba ili ushukie katikati.» Alimaliza graduat ya chuo mwaka wa 2010.

Mwaka uliofuata alifungua atelier yake katika Kimemi, akatengeneza ordinateur, yaani kompyuta, na imprimante za kuchapia. Wateja wake wanajua: akikurudishia mashine, alikupigia simu siku ile ile kuuliza kama inafanya kazi, na tena kesho yake. Alikuwa anafunga mulango, anafika kwenye kona ya barabara, anarudi kutazama kama fer à souder, kile chuma cha moto cha kuunganishia waya, imetoka kwenye umeme. Watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, walimujua sana. Walikuwa wanamungojea pale pale kwenye kona, injini ikiunguruma, sababu walijua bado atarudi.

Mwaka wa 2016 rafiki yake Kasonia, mufanyabiashara anayekwenda Guangzhou, alileta carton za clavier mécanique, vile vibao vya herufi vya kuandikia kwenye ordinateur. Ni clavier ngumu, za kudumu, lakini makelele yake! Wenye secrétariat public, zile nyumba za kuandikia watu makaratasi, walimurudishia moja baada ya nyingine. Kasonia alikata tamaa, akazipeleka kwa Onésime azitoshe pièces tu, yaani atoe vipande vya kutengenezea zingine.

Yeye akaanza kuzifungua. Chini ya kila touche, kile kitufe cha herufi, aliona kile kidude kidogo wanachokiita switch: ndani kuna ressort, waya uliojikunja, kuna kijiti cha plastiki kinachoshuka na kupanda, kuna kipande cha chuma chenye kugusana. Makelele yalitoka pale. Plastiki ilikuwa inakwaruza plastiki, ressort inalia, kijiti kinagonga chini na juu. Akawaza: kama ni kukwaruzana, basi ni mafuta yanayokosekana. Akaomba graisse, mafuta mazito, kwa mekanisie wa pikipiki, akapaka. Clavier ya kwanza aliyomurudishia mwanafunzi mumoja ilinyamaza kweli, lakini touche zilishikana, na travail ya chuo ya yule kijana ikajaa herufi «a» kurasa nzima. Onésime alienda mpaka nyumbani kwao kuomba samahani. Alisafisha switch zote kwa alcool, moja moja, na kwa juma nzima hakuweza kula vizuri.

Hakuacha. Alisoma, alitazama video wakati réseau iliruhusu, alimwandikia Kasonia kule Uchina atafute mafuta yenyewe: kikopo cha graisse nyeupe, nzito, ya pembeni za kijiti, na kichupa cha mafuta mepesi ya ressort. Alijifunza kutumia burashi ndogo sana, kupaka kidogo, na kutogusa kamwe kile kipande cha chuma. Alikata mousse ya godoro na kuiweka ndani ya boîte ya clavier ili isitoe mwangwi. Mujini watu wakaanza kusema: peleka kwa Onésime, atainyamazisha.

Ni kazi hii iliyomuletea bibi wa kuoa. Abigaïl alitoka Beni mwaka wa 2019. Kule alikuwa anaandika katika nyumba moja ya kusikiliza watu waliookoka mashambulizi: wao wanasema, yeye anaandika. Kisha mashambulizi yalifika mutaani kwao, naye akakimbilia Butembo na mufuko mumoja. Alipata kazi katika secrétariat public ya Vulamba. Lakini wenzake walipoanza kupiga clavier kwa haraka, tatata kama bunduki, mikono yake iliganda. Patron alimwambia achague: aandike ao aende. Akabeba clavier yake chini ya kitenge, akaja atelier.

«Munaweza kuifanya isilie?» aliuliza.

«Itapunguka.»

«Hapana kupunguka. Isilie.»

Onésime hakuuliza sababu. Aliagiza kwa Kasonia vijiti vya aina ingine, vyenye mupira laini kwenye ncha, ili visigonge. Vilikawia sana. Kila mara Abigaïl alipopita kuuliza, Onésime aliona haya kama mutu aliyevunja ahadi. Vilipofika aliacha kazi zingine, akaviweka vyote, akamwita. Abigaïl akaandika mustari mumoja. Kimya. Akagusa ile touche ndefu ya chini: tak! Akaruka kutoka kwenye kiti.

«Pardon, mama, pardon,» Onésime alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika kuliko wa Abigaïl. Alifungua tena mbele ya macho yake, akapaka graisse kwenye kile chuma kinachoshikilia touche ndefu, akaweka kipande cha pansement, ile ya kufungia kidonda, chini yake. Abigaïl akajaribu. Akaandika mustari, akaandika ukurasa, akaandika akilia. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 2021, hapa Butembo, na Mungu akawapa binti, Victoire, mwezi wa Septemba mwaka uliofuata.

Mwanzo wa mwaka wa 2023, Solange, aliyefanya kazi na Abigaïl kule Beni, alipiga simu. «Shemeki Onésime,» akasema, «kuna mama alianza kutuelezea mambo yake. Miye nikaanza kuandika. Kusikia tatata ya clavier, akanyamaza, akasimama, akaenda. Si yeye tu. Batu mingi banaogopa hii makelele. Utusaidie.»

Alitengeneza clavier za nyumba ile zote. Zilipokwisha, Abigaïl alisema wazipe chauffeur wa gari azipeleke Beni.

«Chauffeur atatupa carton chini,» Onésime akajibu. «Na touche moja ikishikana pale, nani ataifungua?»

«Miye nilikimbia ile njia. Leo unataka nikae hapa nikungojee wewe juu ya njia ileile? Hapana enda, papa Victoire. Hapana enda.»

Onésime hakubishana. Aliketi, akatazama carton. Mutu huyu aliyeogopa mvua, aliyerudi mara nyingi kutazama umeme, sisi wote tulijua atabaki. Lakini alisema polepole: «Miye pia naogopa. Lakini yule mama alisimama akaenda, na hatujui alienda na ile mambo wapi.» Abigaïl alimufungia chakula bila kumutazama.

Katikati ya njia, askari walisimamisha magari. Milio ya bunduki ilisikika mbele. Watu walilala kwenye majani ya pembeni, Onésime na carton chini ya kifua chake. Simu haikushika. Sisi hapa tulimupigia mpaka chaji ikaisha, na mama yetu alikuwa anazunguka nyumba. Milio ilipokwisha, askari mumoja alionyesha carton kwa kidole, akamuuliza Onésime kwa Lingala kuna nini ndani.

«Ni clavier, chef. Za kuandikia.»

Askari alitosha moja ndani ya carton, akapiga touche, akaweka sikio, akapiga tena. «Ezolela te,» akasema: hailii. Onésime alidhani askari atamuwazia vibaya. Askari akairudisha polepole ndani ya carton, akamwambia apande gari. Simu yake ilitufikia saa kumi: «Nimefika.» Abigaïl alishika simu, akanipatia. Mimi njo nilimujibu.

Kule Beni yule mama alirudi. Yeye mwenyewe alimuruhusu Solange kutuelezea hii. Akaanza kusema, Solange akaandika, na baada ya kidogo mama akaacha kusema tena. Onésime, aliyekuwa kwenye barza na tournevis yake ya kufungulia misumari mukononi, alisikia ile kimya, akawaza: basi, imeshindikana.

«Sisikie kitu,» yule mama akasema. «Muko munaandika kweli, ao munanidanganya?»

Solange akamugeuzia écran ya ordinateur. Mama hakujua kusoma, lakini aliona mistari imejaa. «Ile yote ni yangu?»

«Ni yenu yote, mama.»

«Basi andika.» Na akasema mpaka mwisho.

Onésime alirudi kwetu salama. Kuhusu safari ile alisema kidogo sana, lakini maneno ya yule mama alituelezea mara nyingi, na kila mara alikuwa anatabasamu.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kuchoka kwa kazi ndogo. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Waganga wa hospitali hapa Butembo walipima, wakasema moyo wake umepanuka. Alimeza dawa kwa uaminifu, lakini woga wake ulikuwa mukubwa, na sisi hatukuwa na ngazi ya kumupandisha. Aliuliza maswali ambayo hakuna mutu alijua jibu lake. Usiku ao muchana, akishika kifua, Abigaïl alimushika mukono, wakaomba pamoja.

Nyumba ya Beni ilikuwa imeongeza chumba, ikaomba clavier zingine. Onésime alikubali, lakini mukono wake haukuweza tena burashi. Graisse ilikuwa inaanguka kwenye chuma. Abigaïl akachukua burashi. Aliweka switch kwenye sahani pembeni ya kitanda, yeye anapaka, bwana anatazama.

«Kidogo. Ikiwa mingi itashikana.»

«Nimeona.»

«Na ressort?»

«Nimeshapaka.»

«Ulitosha kwanza kile kifuniko cha juu...»

«Onésime!»

Akacheka mpaka akakohoa, na Abigaïl akaogopa, akamwinua, akamusugua mugongo. Wakaendelea. Carton ikaondoka Butembo Ijumaa, tarehe 10 Oktoba mwaka huu wa 2025, na siku ile ile tulimupeleka marehemu kwenye hospitali.

Gari ile ilikwama njiani. Pale hospitali, chakula hakikumupendeza, maji hayakumupendeza. Aliuliza tu kama carton imefika. Jumatatu muchana Solange alipiga simu. Abigaïl akaweka simu kwenye sikio la bwana wake.

«Shemeki, zimefika. Nimeshaunga moja kwenye ordinateur. Sikiliza.»

Wote ndani ya chumba tukasogea karibu na simu. Mama yetu alishika mudomo wake.

«Sisikie kitu,» Onésime akasema.

«Niko naandika jina yako,» Solange akajibu.

Uso wake ulilegea. Ni mimi dada yake ninawaambia: tangu utoto wake sikuwahi kuuona uso ule bila swali ndani yake. Alilala. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, Bwana alimuchukua, bibi yake akimushika mukono huu, mama yetu ule mwingine. Alikuwa na miaka makumi tatu na saba.

Anaacha bibi yake Abigaïl. Binti yake Victoire, aliyetimiza miaka tatu mwezi uliopita. Mama yake Syauswa. Dada zake Jemima na Jokébed. Mujomba wetu wa Vulamba. Rafiki yake Kasonia. Na wale wa Beni waliosema na wakaandikwa, ambao majina yao hatutayasoma hapa. Abigaïl ameomba niwajulishe kwamba atelier ya Kimemi haitafungwa. Burashi iko mukononi mwake.

Kwa wale mutakaorudi Beni leo, tunawaomba mutupigie simu mukifika. Na wewe, mudogo wangu, pumzika. Umefika kwa Mungu, mahali ambapo hakuna kitu kinachomushtua mutu.