Miaka Thelathini na Minne ya Kuwatoa Kaka Nje: Bi Manorama Ojha Anastaafu

Leo, Jumatano tarehe 31 Agosti 2022, Bi Manorama Ojha anatimiza umri wa miaka sitini na miaka thelathini na minne ya kazi katika ofisi yetu ya ushauri wa sheria hapa Bikaner. Aliajiriwa mwaka 1988 kama mpiga chapa, akawa karani wa nyaraka, na kwa miaka ishirini na miwili iliyopita amekuwa mshauri wa mirathi na migogoro ya mali za familia. Jioni hii tutamfunga kilemba cha rangi ya zafarani, tutamvika mashada, na bendi itamsindikiza hadi kwake. Ameomba tarumbeta zisizidi mbili, maana jirani yake ana mgonjwa.

Mimi ni Girdhari Acharya, wakili wa ofisi hii, na nimekaa naye chumba kimoja tangu 1996. Kamati ya sherehe ilitaka mhasibu ndiye aandike wasifu huu. Bi Manorama akakataa. Akasema niandike mimi, na nisiache kitu. Nilikubali kwa aibu na ninaandika kwa aibu. Jalada la mwisho alilofungua kabla ya kustaafu ni la Kusum, dada yangu mdogo wa tumbo moja, anayedai nusu yake ya nyumba ya baba yetu. Anayeshtakiwa ni mimi.

Lakini kwanza kazi yake, maana ndiyo iliyotukusanya.

Kwetu baba akifa, dada huitwa nyumbani kutia saini karatasi ya kuacha haki. Sheria inampa fungu sawa na la kaka zake. Desturi inamtaka aliache kwa mapenzi, avishwe sari, ale halua, arudi kwa mumewe. Anayekataa huambiwa anavunja nyumba ya wazazi. Kila wiki familia za namna hiyo huja kwetu kuandikiwa hati, kaka wawili watatu mbele, dada nyuma kajitanda ushungi hadi kidevuni. Bi Manorama huinuka, hufungua mlango.

"Wanaume, chai iko ng'ambo ya barabara. Nendeni mkanywe, mie namtaka dada yenu."

"Dada yetu hana siri na sisi," mmoja atasema.

"Mie ninazo. Tokeni."

Muuza chai wa ng'ambo, Mzee Bhanwarlal, huapa kwamba chumba chake cha pili amekijenga kwa hasira za kaka za watu.

Wakishatoka, humwambia mwanamke neno moja tu: taja unachokiacha. Hataki kusikia "fungu langu". Anataka vitu, kimoja kimoja. Na pedi ya wino wa dole gumba huifungia ndani ya kibweta chake cha chakula, chini ya chapati, asije akatokea kaka mwenye haraka akamkamata dada yake kidole. Zipo hati masjala zinazonuka achari ya ndimu mpaka leo.

Mwaka 2003 alikuja Dhapu Devi na kaka zake watatu. Dhapu ni jina wanalopewa mabinti pale wazazi wanapoona wasichana sasa wametosha. "Nipe wino nibonyeze, dada," alisema, "ng'ombe wangu hajakamuliwa." Akaambiwa ataje kwanza. Akaanza mbiombio: shamba la bigha kumi na moja. Kisima. Miti miwili ya khejri ambayo mama yake alikuwa akiichuma maganda kwa mboga. Zizi. Chumba alichozaliwa. Hapo akaanza kuhesabu kwa vidole.

"He! Kumbe ni vingi hivi?"

"Mie nitajuaje? Wewe ndiye unayetaja."

Dhapu akajitanda ushungi wake vizuri, akaenda mwenyewe mlangoni na kuwaambia kaka zake kwamba hati haipo, na wao wakalipe chai yao warudi nyumbani. Shamba lake analilima hadi leo. Wapo pia waliotaja kila kitu na bado wakaacha kwa moyo mweupe; hao Bi Manorama aliwaandikia hati safi na kuwapa mkono wa heri. Hakuwa na ugomvi na kaka wa mtu. Alitaka mwanamke ajue anatia saini nini.

Alitukanwa, jamani, alitukanwa! Shangazi mmoja wa mtaa wa masonara alimkimbiza na fagio kushuka ngazi zetu zote, na Bi Manorama alipofika chini akageuka, akamwuliza na yeye kwa baba yake aliacha nini. Shangazi yule alirudi baada ya wiki mbili, bila fagio, na swali lake mwenyewe.

Sasa langu. Baba yetu alifariki Machi 2011, mama alikuwa ameshatangulia. Aliacha nyumba ya ghorofa moja na hakuacha wosia. Warithi ni wawili, mimi na Kusum, nusu kwa nusu. Hilo nimewaeleza wateja hadi sauti ikakauka. Mwezi wa Agosti, siku tatu baada ya Rakhi, sikukuu ya dada kumfunga kaka uzi ili amlinde, uzi alionifunga dada yangu ukiwa bado mkononi mwangu, nilimpakia kwenye skuta nikampeleka kwa msajili wa hati. Niliichagua wiki ambayo Bi Manorama alikuwa likizo, amekwenda Haridwar kuyamwaga mtoni majivu ya mama mkwe wake. Naandika "niliichagua" ili pasiwe na utata. Nikamwambia Kusum tunakwenda kuhamisha mita ya umeme kuja jina langu. Mita nilikuwa nimeshaihamisha tangu Aprili.

Msajili alimwuliza kama amesoma. Kusum akacheka. "Kaka yangu mwenyewe wakili, nisome nini mie?" Akatia saini kurasa nne. Njiani nikamnunulia kachori na sari nyekundu, naye akaniambia, "Kaka, leo una nini, mbona mkarimu hivi?" Hati inasema aliacha haki yake kwa mapenzi ya dada kwa kaka. Maneno hayo niliyatunga mimi.

Kwa miaka kumi na moja baada ya hapo nilikaa chumba kile kile, nikimsikia Bi Manorama akiwatoa kaka za watu nje. Mimi nilikuwa nikiinamia mafaili. Wateja walidhani nina bidii.

Mwaka jana mume wa Kusum alifariki, na shemeji zake wakamwonyesha mlango. Mei mwaka huu alikuja kuniomba chumba cha juu. Uso unaniwaka kuandika nilichomjibu. Nilimwambia, "Kusum, si ulishaacha mwenyewe?"

"Niliacha nini?"

Nikasema nimechelewa kazini. Akaenda kupanga chumba nyuma ya kiwanda cha bhujia, vitafunio vya dengu, na Jumatatu yake, mimi nikiwa mahakamani, akaja ofisini kwetu kama mteja. Bi Manorama akamwambia ataje alichokiacha. Kusum akasema, "Mita ya umeme."

Niliporudi, Bi Manorama alikuwa na nakala ya hati mezani. Alifunga mlango, akanionyesha kiti cha wateja, nami nikakaa.

"Ulimwambia ni mita?"

Nikasema mambo ni marefu.

"Wakili, nimekuuliza kitu kifupi."

Nikamjibu kwa sheria, kama mwoga yeyote: muda wa kuomba hati ifutwe ni miaka mitatu, na imeshapita kumi na moja. Akasema aliyedanganywa huhesabiwa muda tangu siku aliyogundua. Ni kweli. Lakini nani atathibitisha kwamba alidanganywa? Tulikuwa wawili tu kwenye ile skuta. Mimi nikikana, Kusum anashindwa na nyumba inabaki yangu. Niliyasema hayo kwa kinywa changu, mbele ya mwanamke aliyenifundisha kuandika hati. Yeye akarudi kwenye kazi zake.

Nikatafuta njia ya mkato. Niliandika hati ya kumpa Kusum nusu ya nyumba kama zawadi, nikampelekea. Akanirudishia palepale mlangoni.

"Zawadi? Unizawadie kitu changu? Halafu mtaa mzima uimbe kaka yake Kusum ana roho nzuri! Andika ulichofanya, Girdhari."

Tangu aanze kusema alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Siku zote nilikuwa kaka. Rakhi ya mwezi huu ikapita, mkono wangu mtupu bila uzi.

Wiki iliyofuata kamati ikakaa, na Bi Manorama akasema wasifu wake niuandike mimi. Mwanzo nilidhani ananipa heshima. Kisha nilidhani ananiadhibu. Nimefika ukurasa huu ndipo nikaelewa kwamba alikuwa kazini bado, anamhudumia mteja wake.

Bi Manorama, ofisi nzima inakushukuru, pamoja na wanawake ambao leo wana chumba cha kurudi kwa sababu uliwapa kaka zao kiu ya chai. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, wajukuu watundu, na siku nyingi zisizo na mtu wa kukugongea meza. Ishi vizuri, dada.

Kusum atakuwa ameketi mstari wa tatu. Nimeambiwa anakuja kwa ajili ya Bi Manorama tu. Nakala mia mbili za ratiba ya sherehe, yenye wasifu huu, zitachapwa. Moja nitaipeleka mwenyewe mahakamani asubuhi, kabla ya sherehe, itiwe kwenye jalada la Kusum.

Mheshimiwa hakimu, utakapofika hapa: nilimdanganya dada yangu, naye hakujua anatia saini nini. Haya nimeyaandika kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, na nimeyasoma kabla ya kutia saini.

Girdhari Acharya, wakili