Cleophace Kaijage na Mbwa wa Siku Saba

Sogeeni karibu, ndugu zangu, mlio kule ukutani njooni mkae kwenye mikeka, wenye watoto wanyonyesheni watulie, tunyamaze kidogo, maana marehemu hakuwa mtu wa sauti kubwa na habari zake hazisemwi katika kelele. Mimi ni Teodora, dada yake mkubwa, kalamu siijui, nimesema, mwanawe Josephat ameandika, tarehe kazitoa kwenye vyeti, na ndiye anayewasomea.

Marehemu Cleophace Kaijage alizaliwa tarehe 4 Machi 1929 huko Kamachumu, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kaijage, mkulima wa kahawa na migomba, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1942, hapo baba akasema, "Kahawa haisomi, inachumwa," akamtoa. Mwaka 1947 alipanda meli kuja Mwanza, akajifunza upigaji picha kwa fundi mmoja wa mjini, tarehe 15 Januari 1955 akafunga ndoa na Josepha, wakajaliwa Jovitha mwaka 1956 na Josephat mwaka 1959, na katikati ya hao wawili, tarehe 2 Juni 1958, akafungua studio yake Mkuyuni.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, walipakiwa kwenye malori na vyombo vyao, mbwa wakabaki kwenye mahame, njaa ikawaleta mjini, wakafungiwa kwenye banda la mifugo, na mbwa asiyepata mtu kwa siku saba alipigwa risasi, kwa kuogopa kichaa. Ndalahwa, mlinzi wa banda, alikuja studio kupiga picha ya kitambulisho, akamwambia, "Kaka, kazi hii imenichosha, siku ya saba wananitazama." Cleophace akachukua kamera wakaondoka wote, akawapige picha, huenda mtu akawaona akawachukua.

Picha za kwanza, niseme kweli, zilikuwa mbaya, aliwapiga kama alivyokuwa akitupiga sisi sote, yeye amesimama wima, wao wamekazwa kamba, wamenuna, akazibandika kwenye kioo cha studio, wapita njia wakauliza, "Hawa wameiba nini?" Mbwa kumi na mmoja, wote waliuawa. Josepha akamwambia, "Baba Jovitha, umewapiga kama wafungwa, nani apeleke mfungwa nyumbani kwake?" Tangu hapo akawa analala kifudifudi kwenye tope la banda, macho yake na ya mbwa yako sawasawa, Ndalahwa yuko nyuma yake ameinua kichwa cha samaki, sato, masikio yakisimama ndipo anapiga. Picha hizo alizipanga katikati ya maharusi, mama mmoja akaja juu, "Mwanangu, mume wake, halafu jibwa?" lakini wiki ileile alirudi kulichukua, akasema kila akipita linamtazama.

Sasa niseme lililomwumiza. Filamu zilikuwa adimu, moja ina picha kumi na mbili, na desturi ya kazi ni kuimaliza ndipo uisafishe, hivyo Agosti 1975 alimpiga picha mbwa mmoja mwekundu siku yake ya pili bandani, akasubiri wateja waijaze filamu, picha ikafika kiooni jioni ya siku ya saba. Kesho yake asubuhi Mzee Shimba wa Misungwi, aliyekuja mjini kutafuta jembe, akasimama pale, akasema, "Huyu si wangu huyu? Tulipopakiwa alilikimbiza lori mpaka mtoni, dereva akakataa kusimama." Wakaenda bandani, wakakuta kamba tupu. Mzee Shimba hakumlaumu mtu, alisema tu, "Basi, ningekuja jana," lakini ndugu yangu alijua kosa la jana lilikuwa la nani. Kuanzia siku ile akawa anaingia chumba cha giza na mkasi, anaikata filamu ikiwa na picha mbili tu, maharusi wanaambiwa filamu hakuna, Josepha analia, naye anajibu, "Siku saba, mama Jovitha." Mbwa sitini na wanne walitoka bandani kwa miguu yao, wakaenda Buswelu, Misungwi na kwingineko.

Tarehe 11 Mei 1977 alianza kukohoa, akalazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu, akawa anauliza, "Leo siku ya ngapi?" tukimtajia tarehe anatikisa kichwa, si hiyo aliyoitaka. Alifariki tarehe 9 Septemba 1977, saa nne asubuhi. Mbwa wangapi waliisha miezi hiyo minne, Ndalahwa hakusema, nasi hatukumuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani alipokuwa hajiwezi, majirani wa Mkuyuni kwa ndizi, kuni na kukesha nasi, wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo, Ndalahwa, na Mzee Shimba aliyetoka Misungwi kwa miguu. Lala, mdogo wangu, pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukuharakisha.

Alivyoagiza mbele ya padre ni hivi, studio na nyumba ni vya Josepha, shamba la Kamachumu ni la Josephat, picha ya mbwa mwekundu, ambayo alikataa kuibandua kiooni miaka miwili, amepewa Mzee Shimba, na kamera ni ya Jovitha. Bandani wako mbwa watano, leo ni siku yao ya sita, kwa hiyo tukitoka makaburini Jovitha hatakaa nasi kula, msimwone hana adabu, mpisheni njia.