Mama Kabureta na Moshi wa Nyumba za Wafanyakazi

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, Mama Kabureta anaweka spana chini baada ya kuitumikia karakana ya idara yetu ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, fundi umeme niliyefanya naye kazi benchi moja, niandike kitu cha kuchangamsha ukumbi. Nimejaribu. Lakini juzi nilisoma ratiba ya sherehe, damu ikanichemka, na kalamu ikakataa kuchekacheka.

Alifika akiwa na cheti cha ufundi na ovaroli mpya. Msimamizi wa siku zile akamkabidhi ufagio. Alifagia karakana mpaka ikang'aa, kisha akamrudishia ufagio wake. "Zamu yangu imekwisha," akamwambia. "Kesho ni yako." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Msimamizi hakucheka, lakini asubuhi iliyofuata alimpa pampu iliyokuwa imekufa muda mrefu, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa inanguruma uani.

Hakuwa mpole, na tusimpake upole leo kwa sababu anaondoka. Mhasibu wetu alimletea mashine yake ya kukata nyasi akilia kwamba imekufa. Mama Kabureta alifungua chujio la hewa akatoa kiota cha panya. "Haijafa, imezibwa pua," akamwambia. "Wewe ukizibwa pua utakata nyasi?" Hakumwacha aondoke hivyo hivyo. Alimsimamisha pale pale akamfundisha kuliosha chujio kwa sabuni na kulikausha, kupima oili mashine ikiwa imekaa sawa, kumwaga petroli iliyolala muda mrefu tangini, na kuchomoa waya wa plagi kabla ya kusogeza mkono kwenye kisu. "Kisu kinapatikana dukani," alisema. "Kidole hakipatikani." Mpaka leo mhasibu huyo anaihudumia mashine yake mwenyewe, na bado anamwogopa.

Kisha idara ikagawa jenereta ndogo kwenye nyumba za wafanyakazi, maana umeme ulikuwa unakatika ovyo. Mama Kabureta alikwenda kwa meneja kabla hazijatoka stoo. Aliomba siku moja tu awafundishe watu wa nyumbani, wake kwa waume.

"Hao ni watu wazima," meneja akamjibu. "Tangu lini mtu akafundishwa kuvuta kamba?"

"Kuvuta kamba si kazi, bosi. Kazi ni kujua pa kuiwasha."

Akaambiwa arudi karakanani.

Msimu wa mvua ulipokolea, maji yalikuwa yakipiga kwenye baraza za nyumba zile, na jenereta zikawa zinazimika. Mtunza stoo wetu, baba mtaratibu asiye na ugomvi na mtu, aliogopa ya kwake isiharibike. Akaiingiza kwenye korido, akafunga mlango ili mvua isiingie, wakalala yeye, mkewe na mabinti zao wawili. Asubuhi stoo haikufunguliwa. Mama Kabureta alikwenda kumgongea. Alipofika alibisha hodi mara moja, akasikia mashine ikiunguruma ndani na hakuna sauti ya mtu. Alivunja dirisha kwa spana, akaingia, akaizima, akaanza kuwaburuta nje mmoja mmoja huku akipiga kelele majirani waje. Mabinti walizinduka kwenye majani yaliyolowa. Baba yao alizinduka hospitali. Mama yao hakuzinduka.

Msibani meneja alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Mama Kabureta alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Aliinuka.

"Usimsingizie Mungu," alisema. "Ni moshi. Nilikuomba siku moja."

Hakuna aliyemkalisha. Nakumbuka aibu iliyotushika sote, maana wengi wetu tulijua aliomba, na hatukufungua mdomo kumsaidia.

Hakusubiri tena ruhusa. Kila Jumamosi alifundisha uani kwake, na watu walikuja na mashine zao mikononi, kwenye mikokoteni, hata kwenye viti vya watoto vya baiskeli. Jambo la kwanza, kabla hata ya plagi na kabureta, lilikuwa hili: injini ya petroli haiwashwi ndani, hata iwe mpya, hata dirisha liwe wazi, hata mvua inyeshe mawe. Na kwa kuwa alijua mvua ndiyo ilikuwa kisingizio cha kila mtu, alianza kujenga kibanda kidogo cha jenereta nyuma ya kila nyumba, mbali na madirisha.

Mabati yalitoka stoo. Meneja alikuja juu: nani kayaruhusu?

"Mimi," akajibu mtunza stoo. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Mke wangu nimeshamzika."

Hakufukuzwa. Ila Mama Kabureta alipewa onyo kali kwa kutumia zana za idara bila kibali, na kwa sababu ya onyo hilo cheo cha usimamizi wa karakana kilimpita, kikaenda kwa mtu aliyefundishwa na Mama Kabureta mwenyewe kushika spana. Tangu vile vibanda visimame hatujazika tena mtu wa nyumba zile kwa moshi.

Sasa ratiba ya Ijumaa inasema meneja atazungumzia "Mpango wa Usalama wa Idara" ulioasisiwa chini ya uongozi wake. Mpango gani? Uongozi upi? Mpango ule ulikuwa wa mwanamke mmoja aliyeadhibiwa kwa kuuanzisha, na mgane mmoja aliyebeba mabati kwa mabega yake. Bosi, kabla hujashika kipaza sauti, futa lile onyo. Ukishalifuta, tutakupigia makofi.

Mama Kabureta, ahsante kwa kila mashine uliyoinyanyua na kila mkono uliouepusha na kisu. Ahsante kwa ukali wako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watundu wa kukuchokoza. Na hasira yako usiistaafishe, dada yetu, kwa maana mabinti wawili wamekuwa wanawake wazima kwa sababu asubuhi ile hukubisha hodi mara ya pili.