Mvua Niliyokatazwa Kuisema

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, ambaye ndiye mgeni rasmi, Bwana Mtendaji, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, Sheikh na Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja mkigawana mwavuli mmoja kwa sababu bati la juu yenu limetoboka, wazee wangu, shikamooni, ndugu wafugaji wa Vugiri, mliofika na mlioshindwa kufika kwa kuwa ng'ombe hajui sherehe, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Mshereheshaji wetu, ndugu Godfrey, amenipa dakika kumi. Namshukuru, na namwomba msamaha mapema, maana hazitanitosha. Sababu mnaiona wenyewe. Kile kiti cha mbele, kilichotandikwa kitenge, ni kiti cha mke wangu, Naitoi, na kiko tupu. Gari lililomchukua Korogwe mjini asubuhi limekwama kwenye utelezi huko chini, na rafiki yangu Mdoe ameshuka na baiskeli kumfuata. Kwa hiyo nitasema mpaka wafike. Wenye njaa wavumilie, pilau lipo na halikimbii.

Kwa wageni ambao hamnijui, naitwa Sironka, afisa mifugo wa kata hii, ambaye kuanzia leo ni mstaafu. Nimezaliwa Kang'ata, Handeni, kwenye boma la wafugaji, mahali ambapo jua likichomoza halina haya. Siku naletwa hapa nilivaa makatambuga ya tairi na shuka langu begani. Mzee Kasmiri, aliyenipangisha chumba, yule pale anacheka, aliitazama miguu yangu kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hapa utaota uyoga." Mzee, nakushukuru kwa chumba. Uyoga nao ulikuja, ndani ya viatu, masika ya kwanza tu.

Kazi yangu mnaijua. Ng'ombe akiwa kwenye joto, mfugaji anampelekea afisa habari, na afisa anatakiwa afike na mbegu za dume kumpandikiza kabla joto halijapita. Ng'ombe huyo hasubiri ukungu uondoke. Haulizi kama umekunywa chai. Nami usafiri wangu ulikuwa ni ile baiskeli ya Foniksi iliyoegemezwa pale mlangoni, mtungi wa mbegu umefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi. Watoto wenu wakanipa jina la Dume la Baiskeli. Mchungaji, usiiname, hata wewe nimekusikia ukiniita hivyo pale dukani.

Ndugu zangu, nani kati yenu hajui asubuhi ya huku mwezi wa saba? Unatoka ndani, mkono wako mwenyewe huuoni. Manyunyu hayaanguki, yanaelea, yanakuingia shingoni, yanashuka mgongoni taratibu mpaka yafike kiunoni na kutulia hapo. Nilikuwa navaa soksi mikononi, na juu ya soksi mfuko wa rambo, na bado vidole vilikuwa havinisikii. Breki zikilowa unapiga miguu chini kama mtoto, tope linaruka linakujaa mdomoni. Ndani ya ule mtungi kuna baridi kali ya kugandisha mbegu zikae miaka, nami niliyeubeba nilikuwa najiuliza, kati yangu na mbegu, nani hapa anagandishwa zaidi?

Asubuhi hizo sikuwa peke yangu. Mdoe alikuwa anapita kukusanya maziwa, madumu yamening'inia kushoto na kulia, tukaongozana. Penye mlima tunashuka, tunasukuma, tunahema. Siku moja, kwenye ile kona ya migomba, mnyororo wangu ulikatika mvua ikinyesha kama imetumwa. Nikasimama pale, mtu mzima, moyo umenijaa. Mdoe akaweka baiskeli yake chini, akaanza kutafuta jiwe la kugongea pini, akasema bila kunitazama, "Afisa, lia tu. Kwa mvua hii nani atajua?" Nikalia, jamani. Nililia na nikacheka, na mnyororo ukaungwa, na ng'ombe tukamkuta bado yuko kwenye joto.

Huyo ng'ombe alikuwa wa Mama Zamda. Mama, simama wakuone. Nilipomaliza kazi alinishika mkono akanivuta jikoni kama anavyovutwa mbuzi, akanikalisha karibu na mafiga, akaingia ndani akatoka na koti. "Vaa," akasema. "La marehemu mume wangu. Usije ukanifia hapa, nitasemaje kwa watu?" Ndilo hili nililovaa. Limenikinga na baridi ya miaka yote hii. Limeshika harufu ya moshi wa jiko lake, na sijataka kulifua mpaka harufu iishe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Haya yote ninayowasimulia, mke wangu hajawahi kuyasikia. Hata moja. Mnashangaa? Naitoi alibaki Kang'ata na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wetu hawawezi kuishi huku, na ng'ombe hawaachwi peke yao. Tulidhani ni kwa muda mfupi. Niliomba uhamisho wa kwenda Handeni, nikaambiwa nisubiri apatikane wa kuja hapa. Viongozi wangu nawashukuru, waliniamini sana, waliniamini hata wakasahau kunihamisha. Basi nikawa mume wa likizo. Naenda, nakaa, naanza kuzoea sauti ya mke wangu asubuhi, likizo inakwisha kabla sijafika kwenye habari za huku.

Simu zilipokuja nikasema, afadhali. Ukaja ule mwaka wa ukame. Handeni majani yalikwisha, mabwawa yakakauka, ng'ombe wetu wakawa wanaanguka na kuinuliwa kwa mkia, na wengine hawainuki tena. Jioni moja Naitoi akanipigia kuniambia amekufa yule ng'ombe mwekundu aliyekuja naye kutoka kwao. Wakati anasema, mvua ikamwagika huku, juu ya bati la Mzee Kasmiri. Mnajua bati lile linavyolia. Nikamwambia, "Subiri, sikusikii, hii mvua imenichosha." Akasema, "Ni mvua hiyo? Weka simu dirishani." Nikaiweka. Nikasimama pembeni, sisemi, hasemi, anasikiliza tu, mpaka salio lake likaisha.

Kesho yake akanipigia, akaniambia kwa upole kabisa, "Baba Leboo, sina ugomvi na wewe. Ila kuanzia leo usinilalamikie mvua. Kama hainyeshi huku, isitoke mdomoni mwako." Kwetu sisi mvua hailaumiwi, anayeilaumu ni kama amemlaumu Mungu. Nami nikakubali.

Tangu siku hiyo akiniuliza, "Huko hali ya hewa?" nasema, "Nzuri." Nikilowa, nzuri. Nikiumwa kifua, nzuri. Na mvua ikianza tunapoongea, nilikuwa najifunika blanketi gubigubi, mimi na simu humo ndani, natoka jasho katikati ya baridi, ili asiisikie. Mzee Kasmiri aliwahi kuingia akanikuta hivyo, akadhani nimepatwa na degedege.

Mnacheka, na kweli inachekesha. Lakini ngoja niwaambie ukweli wangu, maana sitapata tena watu wengi hivi wa kuuambia. Usiku sikuwa na shida, usiku mtu analala. Shida ilikuwa asubuhi, juu ya baiskeli. Nilikuwa nakanyaga pedeli, maji yananichuruzika usoni, naona maji yanakimbia kwenye mifereji, yanakwenda bure, hayana anayeyataka, na namwona yeye kule anatazama mbingu nyeupe. Natamani kumwambia nasikia baridi, na natamani kumpelekea hiyo hiyo baridi. Mwanamume mmoja, baiskeli moja, natamani mambo mawili yasiyokaa pamoja. Nilimkosa sana, ndugu zangu. Nilimkosa hata nilipokuwa naye kwenye simu.

Na koti hili, Mama Zamda, koti lako liliniponza. Likizo moja nilishuka nalo mpaka Kang'ata, mtu nimeshazoea. Jua la saa sita, watu wako vifua wazi, mimi nimevaa koti la sufu. Naitoi akalinusa. Moshi. Moshi wa jiko la mtu mwingine! Akauliza, "Koti la nani?" Nikasema, "La marehemu." "Marehemu yupi?" "Mume wa Mama Zamda." Hapo ndipo niliponyamaza, maana ili nieleze nililipataje ilibidi niitaje mvua, na nimekatazwa. Akasema, "Ehee! Kwa hiyo mume wa Mama Zamda amekufa." Basi. Yameishia hapo mpaka leo. Nawasikia kina mama mnavyocheka kule nyuma, lakini mimi nililala na ndama.

Mheshimiwa Diwani, naona umetazama saa. Niko mwishoni, au niseme niko karibu na mwisho.

Halmashauri ya kijiji mmeniletea godoro, mmeniletea bati, mmeniletea ndama jike. Nashukuru kutoka moyoni. Lakini nilipoulizwa ningependa nini siku ya kuagwa, nilisema jambo moja tu: mke wangu apande mlima huu mara moja. Leboo, mwanetu, amekubali kubaki na ng'ombe. Sikumwita aje kula pilau. Kesho narudi nyumbani kabisa, na naogopa. Kustaafu sikuogopi, naogopa kwenda kuishi na mtu asiyejua nilikuwa wapi. Anamjua mume wa likizo, aliyeoga, aliyekauka, anayesema kila kitu ni kizuri. Huyu mwingine, wa kwenye tope, hajawahi kumwona, na huyu ndiye amekula miaka mingi zaidi. Kama gari likigeuza na yeye akageuka nalo, nani atamtambulisha huyu kwake? Mimi mdomo wangu ulifungwa, na mume akishazoea kunyamaza, hata akifunguliwa hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo niwashukuru. Mzee Kasmiri, kwa bati lako linalopiga kelele. Mama Zamda, kwa koti na kwa balaa lake. Wafugaji, kwa maziwa ya moto mliyonipa milangoni kabla hamjaniuliza hali. Wale mlionisukuma kwenye kilima cha shule na mkakimbia kabla sijageuka kuwajua, Mungu anawajua. Na kijana atakayechukua nafasi yangu, nasikia atapewa pikipiki. Hongera. Nunua soksi hata hivyo.

Sasa... Godfrey, nini tena huko mlangoni? Acha nimalizie.

Ngojeni. Ngojeni, tafadhali, kaeni. Hiyo ni kengele ya baiskeli ya Mdoe. Naijua.

Mheshimiwa, naomba dakika hii usinihesabie. Wapisheni njia, ndugu zangu, wapisheni apite. Mdoe, polepole na baiskeli, unawapaka watu tope. Ooh, mke wangu. Mnamwona? Amelowa kuanzia kichwani. Shuka limemganda, shanga zinatiririka maji. Kina mama, mpeni khanga kavu, mpeni chochote, anatetemeka. Ngoja nimsalimu kwa kwetu: takwenya, Naitoi.

Ameitika. Mmemsikia? Mdoe anasema gari lilibaki chini kabisa, wakaja kwa miguu kwenye mlima, akampakia kwenye keria pale panapokanyagika, na kwamba alitaka kumrudisha mara mbili mama akakataa. Mdoe, sina cha kukulipa, kaa chini unywe chai.

Anasema kitu. Tulieni kidogo, sauti yake ni ndogo. Anauliza, "Kila siku ni hivi?"

Ndiyo, mama Leboo. Kila siku ni hivi.

Anauliza kwa nini sikumwambia. Naitoi, mbele ya watu hawa wote, si ulinikataza?

Ananitazama koti. Subirini. Anauliza... jamani! Anauliza ni yupi Mama Zamda. Mama, inua mkono, usiogope. Anakuja kwako. Haya, mnaona wenyewe, siwezi kueleza zaidi ya mnavyoona, amemshika mikono miwili. Wote wawili wanalia, na pale waliposimama bati halijatoboka, hakuna mvua ya kuwaficha.

Nimevua koti, namvika. Kaa hapa, kwenye kiti chako, kimekungoja. Ndugu zangu, kaniambia neno hapa sikioni, nami ni wenu, siwafichi. Amesema, "Leo lalamika. Nasikiliza."

Mnasikia? Miaka yote hiyo nimejaza kifua. Na sasa nimepewa ruhusa mbele ya Diwani, Sheikh na Mchungaji, natafuta la kulalamika, silioni hata moja.

Basi litakuja njiani. Ninyi mmenivumilia vya kutosha, na Mwenyezi Mungu awalipe. Asanteni kwa masikio yenu. Yaliyobaki atayasikia mwenyewe.