Nahodha wa Chombo cha Mwezini Atua

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa kiwanja chetu cha bembea na burudani, ambaye hapa hatumwiti ila Nahodha, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza akiwa mkata tiketi, msichana mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka wake wa pili, uongozi ulileta Chombo cha Mwezini: behewa la rangi ya fedha, lisilo na magurudumu, lililoelea juu ya reli kwa nguvu za sumaku. Teknolojia ilikuwa ya majaribio, na waliojaribiwa ni sisi. Kilipowashwa, taa za mtaa mzima zilififia. Yeye alivishwa kofia ya rubani, akakabidhiwa kipaza sauti.

Jumamosi moja chombo kilipanda hadi kileleni, kikagoma kushuka. Ndani walikuwamo abiria kumi na mama mkwe wa mkurugenzi. Umeme ukikatwa ghafla, behewa lingeanguka. Watu wakisimama, lingepinduka. Mhandisi kijana akaanza kupunguza nguvu kidogo kidogo. Nahodha akapanda ngazi ya chuma, akaingia kwa abiria, akatangaza:

"Ndugu abiria, tumeruhusiwa kuzunguka mwezi mara ya pili. Atakayesimama tutamwacha hukohuko."

Hakuna aliyesimama. Aliwaimbisha mpaka chini. Wote walishuka salama, ingawa mama mkwe alibembelezwa sana, maana alidai mwezi hajauona vizuri.

Chombo kilifungwa baada ya miezi minne. Mhandisi, hata hivyo, aliendelea kuja kukagua reli zilizokwisha ng'olewa, hadi mkurugenzi akamuuliza anakagua nini hasa. Ndoa yake na Nahodha ina watoto watatu na haijawahi kukwama.

Nahodha alikwenda kusomea ufundi, akarudi na cheti, akapanda cheo. Wengi wetu karakanani ametulea yeye. Tulimwogopa asubuhi tu, kabla hajanywa chai. Baada ya hapo, akicheka, nyundo zote zilisimama.

Nahodha, ahsante kwa jasho, ucheshi na moyo wako wa simba. Shemeji mhandisi, tunakukabidhi mtu wako akiwa mzima. Mjaliwe afya, wajukuu na usingizi mtamu wa asubuhi. Jumatatu usije kazini, dada yetu. Ukija, tutakukatia tiketi.