Makala Iliyotajwa Mara Elfu Nne

Karibuni tukae, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mtafiti wa ubongo ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Bongo. Nawaambia mapema, kipindi cha leo hakina sukari. Mwenyewe hakuipenda, si kwenye chai wala kwenye maneno.

Aliandika makala za utafiti zaidi ya mia moja, lakini moja ndiyo iliyompa jina. Ilisema kwamba mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi, ukimpitishia umeme mdogo upande wa kulia wa kichwa, ataanza kusema tena. Aliiandika na profesa mmoja, rafiki yake wa tangu shule, aliyesimamia hata harusi yake. Watafiti wengine wakainukuu. Mara elfu nne, wasikilizaji. Elfu nne.

Na ilikuwa na kosa.

Nisikilizeni vizuri hapa. Picha za ubongo husomwa kwa namna mbili. Wako wanaozisoma kama wamemkabili mgonjwa, na wako wanaozisoma kama wamesimama nyuma yake. Maabara ya mama ilisoma hivi, maabara ya profesa ilisoma vile. Picha zikachanganywa, na hakuna aliyeuliza. Kushoto kukawa kulia. Mama aligundua miaka baadaye, akitayarisha somo. Alimkumbuka mgonjwa mmoja wa utafiti ule, mwenye ufa wa ajali upande wa kushoto wa fuvu. Pichani ufa ulikuwa kulia.

Akampigia profesa simu. Profesa akacheka. "Dada, makala hiyo ndiyo iliyotupa vyeo. Unataka kukata tawi tulilokalia?"

Jarida lilitaka wote wawili wakubali ndipo liifute. Profesa akagoma. Na mama naye, marehemu hasemwi lakini leo tutamsema, alifyata ulimi. Alipandishwa cheo, akanyamaza. Alipewa tuzo, akavaa akapendeza, akaenda kuipokea.

Kisha mumewe akapata kiharusi. Mzee alikuwa fundi saa, mtu wa maneno mengi, aliyemtania mteja mpaka akasahau saa yake imekufa. Sasa hakuweza kusema kitu. Daktari akaleta mashine, akaanza kubandika nyaya upande wa kulia.

"Si hapo," mama akamwambia. "Utafiti huo una kosa."

"Mama, umetajwa mara elfu nne."

"Niliuandika mimi."

Daktari akamgeukia binti yao, akashusha sauti. Binti ndiye aliyekubali. Ametuambia mwenyewe: "Mama alitulea kwa sifa za makala ile. Iko sebuleni, kwenye fremu. Leo ndiyo aniambie ni mbovu? Nilidhani ni uchungu wa mume. Nikamwambia, mama, hebu kaa chini."

Mama akakaa chini.

Mashine ilitumika miezi kadhaa. Mzee akabaki na neno moja tu, sawa. Ukimuuliza jina lake, sawa. Ukimuuliza kama anaumia, sawa. Kila asubuhi daktari alimuuliza, "Unaendeleaje, mzee?" Naye akajibu sawa. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anaongea. Akatoa makala kuhusu mzee, yeye na profesa yule yule, na ukurasa wa kwanza wakainukuu ya mama. Profesa akamtumia mama nakala na ujumbe: "Hongera, dada. Shemeji naye ameingia kwenye sayansi."

Mama aliisoma jikoni, mumewe amekaa mbele yake. Akamuuliza, "Mume wangu, umenisamehe?" Binti anasema aliuliza tena na tena, na kila mara alijibiwa. Moyo wa mama ulisimama wiki hiyo hiyo.

Mazishini profesa alisoma idadi ya waliomnukuu, watu wakapiga makofi. Makala haijafutwa hadi leo. Bado inatajwa.

Kwa binti, pole sana. Ulifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Kwa wanafunzi wa Mama Bongo, poleni. Nanyi wasikilizaji, neno likiwafikia limeshasemwa na watu elfu, ulizeni ni nani kati yao aliyelichunguza.

Na wewe, mzee. Tunajua redio iko karibu na kiti chako, na unatusikia. Pole kwa kuondokewa na mkeo. Jana tulikuja kwako, tukakuomba ruhusa ya kuyasema haya yote hewani. Ulitupatia.